Mali yenye Daftari

Husemwa mali bila daftari hupotea bila habari.
Mume wangu Verlyn analo daftari,
la jalada la kijani, kalamu imefungwa kwa uzi,
na habari tumezipata,
tena kwa bahasha, tena zenye muhuri.

Ya kwanza ilifika Duluth theluji ikiwa
imepanda hadi dirisha la jikoni.
Soko la hisa limeiandikia kampuni,
kampuni ikatuandikia sisi:
siku thelathini mfululizo bei imelala chini ya dola moja.
Tuna siku mia na themanini za kuinuka,
la sivyo jina letu litafutwa ubaoni.
"Letu?" nikamuuliza. "Tangu lini?"
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Miaka thelathini na mmoja alitengeneza mabasi ya shule.
Anaijua injini inayokohoa na injini inayokufa,
na hii, aliapa, inakohoa tu.
Alinunua hisa elfu nne kwa dola sita,
akaongeza elfu mbili kwa dola tatu,
akaongeza tena kwa senti tisini.
"Nashusha wastani," alisema,
kama mtu anayechimba shimo
apate pa kusimama.

Halvex. Watu arobaini na wawili, jengo moja la matofali,
na jicho la mashine linaloona ndani ya ukungu.
Mwanzilishi akamshtaki mshirika wake kwa kumwibia hataza.
Mshirika akamshtaki mwanzilishi kwa kumwita mwizi.
Wenye hisa wakawashtaki wote wawili,
na kumbe wenye hisa ndio sisi,
tunaolipa mawakili wa kila upande
kutoka mfuko uleule.
Wapiganapo tembo nyasi huumia, sawa;
lakini nyasi gani hizi
zilizowanunua tembo?

Siku ya mia na hamsini ikaja dawa:
kila hisa ishirini ziwe moja.
Bei ikaamka dola saba. Verlyn akapiga meza,
vijiko vikaruka.
Mimi nimepikia watoto wa shule miaka ishirini na mitatu.
Nikiwashona dagaa ishirini mkia kwa kichwa
sipati samaki mkubwa,
napata harufu na uzi.
Sikusema. Nilimmiminia kahawa.

Mei, barafu ya ziwa ikipasuka usiku kwa mlio wa sahani,
bei ilikuwa imerudi senti sitini,
na jina likafutwa.
Hisa ikahamia soko la kando,
kusikokuwa na kengele ya asubuhi,
ambako siku nyingine hauzi mtu, hanunui mtu,
na Verlyn huitazama namba isiyosogea
kama atazamaye kifua cha mgonjwa.

Jana bahasha ya mwisho. Kesi imeisha kwa mapatano.
Mawakili wachukue theluthi, na gharama,
na gharama za kuhesabu gharama.
Sisi tujaze fomu: ulinunua ngapi, lini, kwa bei gani.
Daftari likafunguliwa. Yote yalikuwemo,
kwa mwandiko wake ulionyooka kama reli.
Fidia yetu yakadiriwa
dola kumi na moja, senti arobaini.

Nilikuwa nacheka, hadi nikaisoma tarehe ya kwanza.
Nikairudia.
Tisa Novemba.
Siku tatu tangu tumzike Dwayne, mdogo wake,
aliyekuwa na lori la magogo kwenye barabara ya ziwani
na hakuiona treila
iliyosimama ndani ya ukungu.

Miaka yote hii nimemwita mcheza kamari,
moyoni, na mara mbili kwa sauti.

Fomu ina visanduku kumi na vinne.
Hakuna kinachouliza kwa nini.
Nikailamba bahasha, nikabandika stempu,
nikaiweka karibu na mlango.
Verlyn akavuta kalamu kwa uzi wake
akaandika, upande wa matumizi:
stempu, moja.